Aliachishwa ziwa mapema, sasa wanataka kumrudisha. Maziwa yanarudi kweli?

Kidawa_Chumbageni #1
Habari za jioni wakuu. Nawaomba wanaolijua jambo hili kwa undani. Mtoto wa kike, miezi 4, kilo 5.6. Alilikizwa akiwa na miezi miwili na nusu kwa sababu mama yake alilazwa na dawa alizopewa hazikuruhusu kunyonyesha. Dawa zimeisha, daktari kasema hakuna kizuizi tena. Sasa ni wiki 6 mtoto yuko kwenye maziwa ya kopo, ananyweshwa kwa chupa, na titi la mama limekauka, ukikamua hakitoki kitu. Kopo la gramu 400 linakwenda siku tatu, likijitahidi nne. Bibi upande wa baba anasema titi likishakauka ndiyo basi mpaka mimba nyingine. Ni kweli? Na kama si kweli, wanaanzia wapi?

Mkunga_Mstaafu #2
Si kweli. Titi halikauki kama kisima. Vifuko vinavyotengeneza maziwa husinyaa yasipotolewa, lakini vikiamshwa vinajaa tena. Shirika la Afya Duniani lilitoa mapitio maalumu ya jambo hili mwaka 1998 pamoja na maelekezo. Linafanyika hata kwa bibi aliyeacha kuzaa miaka mingi, sembuse mama aliyeacha wiki 6.

Kinachoamsha titi ni mtoto kunyonya, basi. Kila anapovuta chuchu, ubongo wa mama unamwaga prolaktini, na hiyo ndiyo inayoamrisha maziwa yatengenezwe. Kwa hiyo:

Mtoto awekwe titini mara 8 hadi 12 kwa saa 24, kila titi dakika 10 hadi 15, usiku usirukwe. Prolaktini hupanda zaidi usiku, anayelala moja kwa moja mpaka asubuhi anajikata mwenyewe. Chupa na nyonyo ya plastiki viwekwe kando leo hii, maziwa ya kopo anyweshwe kwa kikombe. Mama na mtoto walale pamoja, washinde ngozi kwa ngozi. Kazi nyingine za nyumbani zifanywe na huyo bibi mwenye maneno.

Matone ya kwanza huonekana kati ya siku chache na wiki mbili. Maziwa ya kutosha huchukua wiki kadhaa, na wapo wanaobaki na nusu kopo nusu titi. Hata hiyo nusu ni faida.

Babu_Kijiweni #3
Mara 12 kwa siku dakika 30 ni saa 6. Huyo mama ameajiriwa rasmi sasa, na mshahara wake matone.

Lishe_Mlangoni #4
Mkunga kasema vizuri ila karuka pale watu wanapokwama. Mtoto aliyezoea chupa ukimpa titi lisilo na kitu atavuta mara tatu, atalia, atajikunja mgongo, na baada ya siku mbili atalichukia titi lenyewe. Lazima apate malipo anapovuta. Malipo hayo ni mrija.

Unahitaji mrija mwembamba wa kulishia watoto kupitia puani, kikombe, plasta ya karatasi, na bomba la sindano la mililita 20 bila sindano yake.

Kata ncha ya mrija kama sentimita 1. Mirija hii ina matundu ya pembeni karibu na ncha, na tundu likibaki nje ya mdomo wa mtoto linavuta hewa, maziwa hayapandi. Watu wengi huishia hapo, wanasema mrija mbovu. Upande uliokatwa ulale juu ya titi, ncha ifike kwenye chuchu au ipite kidogo tu, ubandike plasta sentimita 3 au 4 nyuma ili isiguse midomo. Upande wa pili utumbukie kwenye kikombe cha maziwa. Mtoto ashike titi na mrija kwa pamoja, mdomo wazi kabisa, duara jeusi liingie na siyo chuchu peke yake. Mrija upite kwenye kona ya mdomo.

Kikombe ndicho usukani. Anza nacho sentimita 5 hadi 10 chini ya chuchu. Ukikiinua juu ya chuchu maziwa yanamiminika yenyewe bila kazi, titi halipati amri yoyote, na mtoto anaweza kupaliwa. Akipata nguvu unakishusha taratibu mpaka kama sentimita 30 ili avute kwa bidii. Mlo mmoja uchukue kama nusu saa. Akimaliza kwa dakika 5, shusha kikombe au bana mrija kidogo kwa vidole.

Ukimaliza tu, usingoje hata dakika kumi, sukuma maji safi kwa bomba kupita ndani ya mrija, kisha uzungushe hewani kama kombeo maji yaliyobaki yatoke. Maziwa ya kopo yakigandia ndani hayatoki tena, na ukiona weupe ukutani mwa mrija, utupe.

Kidawa_Chumbageni #5
Ahsanteni sana. Mrija namba ngapi? Duka la dawa wataniuliza.

Lishe_Mlangoni #6
Namba 8, kishikio chake ni cha bluu. Ukikosa chukua namba 6, kijani cha mpauko, au namba 5, kijivu. Namba 5 ni nyembamba mno kwa mtoto mchovu lakini wa miezi 4 ataimudu. Usikubali mrija wa dripu, ni mgumu na unakwaruza kaakaa.

Hesabu_Kali #7
Na kopo unapunguza vipi? Nilisoma unatoa mililita 50 kila baada ya siku chache. Kwa hiyo mlo wa 105 unakuwa 55, halafu 5, halafu umemaliza. Mbona ni wiki moja tu?

Mkunga_Mstaafu #8
Hesabu_Kali, utamuua mtoto wa watu kwa njaa! Mililita 50 ni kwa SIKU NZIMA, siyo kwa mlo.

Fuata hapa. Mtoto wa kilo 5.6 anahitaji mililita 150 kwa kila kilo kwa siku, yaani 840. Ukigawa milo 8 ni 105 kila mlo. Ukitoa 50 kwa siku inabaki 790, kila mlo 99. Umepunguza mililita 6 kwa mlo, kijiko kimoja cha chai na ushee. Unakaa hapo siku mbili tatu, unaangalia mkojo na uzito, ndipo unapunguza tena.

Na hupunguzi kabla hujaona maziwa ya mama. Kwanza matone, halafu hesabu.

Mkojo: mara 6 au zaidi kwa saa 24, mweupe au wa njano hafifu. Mizani: gramu 125 kwa wiki au zaidi, endelea kupunguza. Chini ya hapo, simama pale pale au rudisha ulichotoa. Mizani iwe ile ile, mtoto bila nguo, maana nepi iliyolowa peke yake inaweza kukudanganya gramu 100.

Hesabu_Kali #9
Nimesalimu amri mkunga. Ila nina swali la haki: mbona mwongozo wa wodi ya utapiamlo unasema mililita 130 kwa kilo na siyo 150?

Lishe_Mlangoni #10
Kwa sababu ule ni wa mtoto mgonjwa aliyelazwa, na maziwa yenyewe ni tofauti. Pale chini ya miezi 6 wanatumia F-100, maziwa ya tiba ya utapiamlo, iliyozimuliwa, kwa kila mililita 100 unaongeza maji 35, kwa kuwa F-100 kamili inachosha figo za mtoto mdogo. Wanaangalia gramu 20 kwa siku, akifika hapo siku kadhaa mfululizo wanakata nyongeza kwa nusu. Huyu mtoto wa Kidawa hana utapiamlo, asitafutiwe F-100 mtaani. Na kopo lisizimuliwe ili lidumu! Kijiko kilichofutwa bapa kwa mililita 30 za maji, au kama kopo lenyewe lilivyoandika.

BintiLamu #11
Salaam. Mumesema ya mrija hamjasema ya shubiri. Kwetu mtoto akilikizwa titi hupakwa shubiri, au pilipili, na bara naona watumia mwarobaini. Muulizeni huyo mama alipaka nini. Uchungu ule hukaa kwenye mikunjo ya chuchu na kwenye sidiria, na mtoto hukumbuka harufu. Ndiyo sababu wengi hukataa, wala si chupa.

Mkunga_Mstaafu #12
Huyu alilikizwa ghafla kwa ajili ya dawa, sidhani kama walipaka. Lakini hoja iko hai. Maji ya uvuguvugu na kitambaa laini vinatosha, bila sabuni, sabuni inakausha na kupasua chuchu. Na mwezi na nusu ni mrefu kwa kumbukumbu ya mtoto wa miezi 4. Mimi naiona chupa ndiyo mchawi: chupa inatoa kabla hujaomba, titi linataka uombe kwanza.

BintiLamu #13
Twatofautiana hapo bi mkunga. Wapo waliolelewa kwa kikombe tu wasione chupa, na titi walikataa vile vile.

DawaDarubini #14
Nimeusoma uzi wote, hakuna aliyeuliza anatumia njia gani ya uzazi wa mpango. Vidonge vya mchanganyiko vyenye estrojeni vinashusha maziwa. Akiwa navyo mtapigana na upepo. Vya projestini peke yake, sindano, kipandikizi au kitanzi ni afadhali. Na asidhani kwamba sasa ananyonyesha basi hatashika mimba: kinga ya kunyonyesha ni ya mtoto chini ya miezi 6 asiyepewa kitu kingine na mama asiyeona hedhi. Huyu ameshavunja sharti la pili, mtoto anapewa kopo.

Kingine ni dawa za mafua zenye sudoefedrini, zinapunguza maziwa kwa dozi chache tu. Na alipolazwa, muulize kama alipewa kidonge cha kukausha maziwa, kabergolini au bromokriptini. Hizo zinazima prolaktini moja kwa moja, kuanza kwake kutakuwa kuzito zaidi ya aliyeacha tu kunyonyesha.

Hesabu_Kali #15
Daktari wa dawa, si kuna kidonge cha tumbo kinachopandisha maziwa? Nasikia watu wanameza vitatu kwa siku.

DawaDarubini #16
Domperidoni. Ndiyo, inapandisha prolaktini. Pia metoklopramidi, ambayo inaingia ubongoni, huleta huzuni nzito na mwili kujinyonganyonga bila hiari, kwa mzazi siipendi hata kidogo.

Domperidoni ina jambo la moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2004 isitumike kwa maziwa, na Ulaya mwaka 2014 waliibana iwe ya kichefuchefu tu, miligramu 10 mara tatu, kwa kawaida isizidi wiki. Nchi nyingine madaktari bado wanaiandika kwa maziwa, kwa hiyo ubishi upo. Ila msikie hili: mama wa namna hii mara nyingi anapata fangasi ya chuchu, anakwenda dukani anapewa flukonazoli. Flukonazoli na domperidoni havikai pamoja, mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Erithromaisini vile vile. Anayeuza moja haulizi kuhusu nyingine. Kwa hiyo kama ni lazima, iwe ya daktari aliyesikiliza moyo, na isikatwe ghafla, ishushwe polepole. Na bila titi kunyonywa, kidonge hakitoi kitu.

MamaUji #17
Mnazunguka na makemikali wakati jibu liko jikoni. Uji wa ulezi uliotiwa pilipili manga, supu ya pweza, mtori, karanga, mbegu za maboga, na uwatu. Uwatu unaloweka usiku kijiko kimoja cha mezani, asubuhi unachemsha, unakunywa na maji yake. Wazazi wa Pwani wote wamepita hapo.

DawaDarubini #18
MamaUji uwatu siubishi kama chakula, ushahidi wake unakwenda huku na huku. Ila unashusha sukari, anayemeza dawa za kisukari aangalie. Mwenye mzio wa karanga au dengu asiuguse. Ukizidi mama anaharisha na jasho lake linanukia sukari ya kuungua. Pilipili manga haitengenezi maziwa, inatengeneza jasho.

MamaUji #19
Hilo jasho ndilo linalofungua mishipa, mwanangu. Mama akinywa uji moto mbele ya watu wanaompenda, maziwa yanashuka. Hujawahi kuona?

Mkunga_Mstaafu #20
Hapo MamaUji ana pointi bila kukusudia. Kushuka kwa maziwa ni kazi ya homoni ya oksitosini, na hofu, maumivu na maneno ya mawifi yanaizuia. Uji moto, kukandwa mgongo, mtoto kifuani, vyote vinasaidia maziwa *kushuka*. *Kutengenezwa* ni habari nyingine. Na kujaza tumbo lita za maji kuliko kiu hakuongezi kitu.

Babu_Kijiweni #21
Kwani kwa nini kuteseka? Mkunga kasema hata bibi anaweza. Huyo bibi aliyesema ndiyo basi apewe mtoto anyonyeshe yeye.

Mwanachuo_Pwani #22
Babu, umetania ila umegusa jambo zito. Kwa Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi Pwani, manyonyesho matano yaliyotengana, mtoto akiwa chini ya miaka miwili, yanafanya udugu wa kunyonya. Hata maziwa yakikamuliwa na kunyweshwa kwa kikombe hukumu ni hiyo. Sasa piga hesabu: bibi mzaa baba akimnyonyesha, mtoto anakuwa dada wa kunyonya wa baba yake, na wa mashangazi na ami zake wote. Mabinamu upande huo wanakuwa watoto wa ndugu zake, ndoa nao imefungwa. Kwa familia zinazooana binamu hilo si dogo. Halikatazwi, ila liandikwe na lijulikane.

Babu_Kijiweni #23
Mtoto miezi 4 tushamfungia wachumba. Nimenyamaza.

Nesi_Zamu_ya_Usiku #24
Kabla ya bibi, shangazi au jirani yeyote kunyonyesha: kipimo cha VVU, na kirudiwe baadaye, maana aliyeambukizwa karibuni kipimo cha kwanza kinaweza kumpa jibu safi. Hata mama mwenyewe. Akiwa anaishi na VVU, anameza dawa vizuri na virusi vimefubaa, kunyonyesha kunaruhusiwa, lakini *lazima kliniki ijue ameanza upya*. Mtoto aliyelikizwa huenda alishafanyiwa kipimo cha mwisho na kufungiwa faili. Akirudi titini faili linafunguliwa, tarehe zinahesabiwa upya.

Mfanyakazi_Mwenzangu #25
Haya yote kwa mama gani wa ofisini? Likizo ni siku 90 halafu unarudi mezani.

Nesi_Zamu_ya_Usiku #26
Tanzania ni siku 84, pacha ni 100. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Sheria hiyo hiyo inakupa mpaka saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, ambazo wengi hawaziombi.

BintiLamu #27
Kenya ni miezi mitatu, na Sheria ya Afya ya 2017 yataka mwajiri atenge chumba cha kunyonyesha. Yataka, nasema. Turudi kwa mtoto.

Kidawa_Chumbageni #28
Narudi na ripoti, leo ni siku ya 9. Hakupakwa shubiri. Kidonge cha kukausha hakupewa. Uzazi wa mpango ni sindano. Mrija wa bluu ulipatikana. Titi la kulia linatoa matone meupe ukikamua, la kushoto kavu. Mtoto anashika la kulia vizuri, la kushoto anateleza na kulia. Chuchu ya kushoto imezama kidogo. Uzito kilo 5.75. Tatizo ni nini?

Lishe_Mlangoni #29
Gramu 150 kwa siku 9 ni kama 117 kwa wiki. Msipunguze kopo bado.

Kwa chuchu iliyozama: chukua bomba jipya la mililita 20, kata upande wenye mdomo wa sindano kwa wembe, toa kisukumio na ukiingize kupitia upande *uliokatwa*. Upande laini wa kiwandani ndio unaogusa titi, ukikosea hapo utamchana. Weka juu ya chuchu, vuta polepole mpaka chuchu itokeze, ishike nusu dakika hadi dakika moja, rudisha kisukumio kidogo ndipo utoe. Fanya muda huo huo kabla ya kumweka mtoto. Ikiuma, umevuta sana.

Mkunga_Mstaafu #30
Mimi nashuku pakato siyo chuchu. Kushoto mama wengi wanampakata mtoto kwa mkono usio na ustadi, kichwa kinageuka pembeni. Jaribu kumpitisha chini ya kwapa, miguu ielekee mgongoni kwa mama, kiganja kishike shingo na mabega, siyo kisogo. Akisinzia ndipo umpe la kushoto, mtoto wa nusu usingizi habishani.

DawaDarubini #31
Wote mmesahau mdomo. Mfunue uone kama kuna utando mweupe usiofutika, na kama ulimi unavuka fizi ya chini akilia. Ulimi uliofungwa unaweza kushika titi lenye chuchu ndefu na kushindwa lenye fupi. Na hiyo sindano ya uzazi ni ya lini?

MamaUji #32
Titi moja kuwa na maziwa na jingine kutokuwa nayo ni kawaida hata kwa waliozaa jana. Muacheni mama. Kwetu wangeuliza kwanza kama baba karudi chumbani mapema, mtoto kabemendwa.

Mkunga_Mstaafu #33
MamaUji hilo la kubemenda tulilizika. Mtoto aliyeitwa amebemendwa zamani alikuwa ameachishwa ziwa kwa mimba nyingine na kupewa uji mwepesi.

MamaUji #34
Basi mnakubali kwamba wazee waliona mtoto anadhoofika baba akirudi. Mmebadilisha jina tu.

BintiLamu #35
Mimi bado nasema ni harufu. Kidawa, upande wa kushoto ndio mama hupaka mafuta ya kuchua?

Kidawa_Chumbageni #36
BintiLamu, kweli mama anachuliwa bega la kushoto kwa dawa yenye kafuri, bibi ndiye anayemchua. Sikufikiri. Mdomo wa mtoto ni msafi, ulimi unatoka mpaka mdomo wa chini. Sindano ya uzazi mama alichomwa wiki tatu zilizopita. Bomba tunakata leo, na pakato la chini ya kwapa tutalijaribu saa tisa usiku akisinzia. Kupimwa uzito tena Jumatatu.

Lishe_Mlangoni #37
Kuchua kusimame kuanzia leo. Lakini mkifanya yote matatu kwa pamoja hamtajua ni lipi lililosaidia.

Babu_Kijiweni #38
Mtoto hana haja ya kujua, Lishe. Jumatatu tunasubiri gramu.